Anatomia na Baiomekaniki ya Mguu kwa Wanaosoma Podiatri (Tiba ya Nyayo): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila wakiingia wanafunzi wapya maswali ni yaleyale, kwa hiyo yamekusanywa hapa, yamepangwa kutoka yale ya mwanzo kabisa hadi yale ya kuumiza kichwa. Jambo likijirudia utaelekezwa kwenye namba yake. Tukisema "wayo" tunamaanisha kuanzia kifundo hadi vidole, na "mguu" ni pamoja na muundi na kigimbi.

## Mifupa na misuli

1. Wayo una mifupa mingapi? Mbona wengine wanasema 26 na wengine 28?

26. Tasali (mifupa ya nyuma na katikati ya wayo) 7, metatasali (mifupa mirefu kabla ya vidole) 5, falanji (mifupa ya vidole) 14. Wanaosema 28 wameongeza sesamoidi mbili, vimifupa vidogo vya mviringo vilivyo chini ya kichwa cha metatasali ya kwanza, vimekaa ndani ya tendoni (kano) za fleksa halusisi brevisi, msuli mfupi wa kukunja kidole gumba. Mtihani ukiuliza jibu 26, ila sesamoidi usizichukulie poa, zinaisogeza tendoni mbali kidogo na jointi ndo maana msuli unapata nguvu, na zinabeba uzito mkubwa kila unapoinua kisigino. Pia usishangae ukiona eksirei ya kidole kidogo ina falanji mbili badala ya tatu, watu wengi tu falanji mbili za mwisho zimeungana na wanaishi vizuri hawajui.

2. Nianzie wapi, mifupa, misuli au mwendo?

Mifupa, lakini siyo kwa kukariri majina halafu uhamie kwenye misuli halafu mwendo usubiri mwisho wa mwaka. Hapo ndo wengi wanapotelea. Wanafika kwenye baiomekaniki wanajua majina mia ila hawajui hata moja linafanya nini mtu akikanyaga.

Mimi ningeanza na mifupa mitatu tu: talasi (mfupa wa kifundo, unaokaa juu ya kisigino), mfupa wa kisigino na navikula (ulio mbele ya talasi upande wa ndani). Ishike mkononi, uiunganishe, uitenganishe, uone sehemu za talasi zinakaa vipi juu ya kisigino. Talasi ni mfupa wa ajabu, hauna msuli hata mmoja ulioshikilia pale, zaidi ya nusu ya uso wake ni gegedu, kwa hiyo unasukumwa tu na mifupa mingine na ligamenti. Ukielewa hilo utaelewa kwanini kisigino kikilala upande wa ndani muundi nao unageuka (Na. 9), na pia kwanini shingo yake ikivunjika madaktari wanaogopa mfupa kufa, maana nafasi ya mishipa ya damu kuingilia ni ndogo.

3. Misuli ya mguu ni mingi, nitaikaririje jamani?

Usiikariri kama orodha. Vyumba vya mguu ni 4: cha mbele, cha pembeni, cha nyuma juujuu na cha nyuma ndani. Kila chumba kina neva yake, yaani ukijua chumba umeshajua neva ya misuli yote iliyomo. Mbele ni neva ya fibula ya ndani, pembeni ni neva ya fibula ya juujuu, nyuma vyote viwili ni neva ya tibia.

Kwa kazi ya msuli jiulize maswali mawili tu. Tendoni inapita mbele au nyuma ya mhimili wa kifundo? Inapita upande wa ndani au wa nje wa mhimili wa subtala, yaani jointi kati ya talasi na mfupa wa kisigino? Ikipita mbele inainua wayo, nyuma inausukuma chini, ndani inafanya supinesheni, nje pronesheni (miendo hii miwili iko Na. 8). Tibialisi posteria iko nyuma na ndani, basi plantafleksheni (kusukuma wayo chini) na supinesheni, umemaliza. Na ikiwa mbali na mhimili ina nguvu zaidi ya kuzungusha kuliko ikiwa karibu. Tibialisi anteria ndo inawachanganya watu hapa, kwa sababu vitabu vinaandika kwamba inafanya inversheni (kugeuza unyayo ndani), ni kweli, lakini inapita karibu sana na mhimili wa subtala hivyo nguvu yake ya kupindua ni ndogo, kazi yake kubwa ni kuinua wayo na kuushusha taratibu baada ya kisigino kugusa chini.

4. Zile tabaka nne za chini ya wayo zina umuhimu gani kweli?

Kwa daktari wa upasuaji umuhimu uko wazi, anapitia humo. Kwa wewe wa mwaka wa kwanza umuhimu mkubwa ni mtihani, tuseme ukweli, ila baadaye utazikumbuka ukikutana na vidole vilivyojikunja (Na. 20).

Tabaka la 1 lina misuli mitatu: abdukta halusisi, fleksa dijitoramu brevisi, abdukta dijiti minimi. La 2 lina kwadratasi plante na lumbrikali nne, na ndo humo zinapita tendoni mbili ndefu za kukunja vidole. La 3 ni fleksa halusisi brevisi, adakta halusisi na fleksa fupi ya kidole kidogo. La 4 ni interosei, tatu za chini na nne za juu, pamoja na tendoni za peroneasi longasi na tibialisi posteria zinazokwenda kujishikiza. Neva ni rahisi ukishajua kwamba neva ya planta ya ndani inachukua minne tu: abdukta halusisi, fleksa dijitoramu brevisi, fleksa halusisi brevisi na lumbrikali ya kwanza. Yote iliyobaki huko chini ni neva ya planta ya nje.

5. Peroneasi na fibularisi ni misuli tofauti?

Ni ileile. Vitabu vipya vinapendelea fibularisi, kliniki bado utasikia peroneasi. Chagua moja kwenye jibu lako usichanganye.

## Neva na damu

6. Neva ngapi zinaingia kwenye wayo na nitazitofautishaje kwenye ngozi?

Tano. Neva ya tibia inahudumia chini ya wayo na kisigino kupitia matawi yake, fibula ya juujuu sehemu kubwa ya juu ya wayo, fibula ya ndani kale kaeneo kadogo kati ya kidole gumba na cha pili, surali ukingo wa nje, na safena ukingo wa ndani. Nne zinatokana na neva kubwa ya siatiki, safena peke yake inatoka kwenye neva ya femora. Ndo maana ukitaka kufanya wayo wote ufe ganzi pale kwenye kifundo unapiga sehemu tano.

Kale kaeneo ka kidole gumba na cha pili kapende. Mgonjwa akisema ganzi iko hapo tu na hawezi kuinua kidole gumba vizuri, umeshajua neva na umeshajua chumba, rudi Na. 3.

7. Sipati mapigo juu ya wayo wa mwenzangu, nakosea au ana tatizo?

Mara nyingi unabonyeza sana, ateri pale iko juu ya mfupa ukikandamiza unaifunga. Mwambie ainue kidole gumba, uone tendoni ya ekstensa halusisi longasi, weka vidole viwili kwa ulaini upande wa nje wa hiyo tendoni. Halafu ujue kuna watu wazima wenye afya kabisa ambao ateri hiyo ni ndogo mno au haipo, damu inapitia tawi la ateri ya fibula. Ukikosa hapo tafuta mapigo ya nyuma ya maleolasi ya ndani (nundu ya mfupa pembeni ya kifundo), angalia rangi ya ngozi, joto, damu inavyorudi ukibonyeza kidole, usiandike kwamba mguu hauna damu kwa sababu ya sehemu moja.

## Baiomekaniki

8. Pronesheni ni ugonjwa?

Hapana! Hili swali likiisha duniani nitafurahi. Pronesheni ni mwendo wa kawaida wa wayo, bila huo usingeweza kukanyaga mahali pasipo tambarare na mshtuko wa kugusa chini ungepanda moja kwa moja. Ni mchanganyiko wa miendo mitatu kwa pamoja: eversheni (unyayo kugeukia nje), abdaksheni (ncha ya wayo kwenda nje) na dosifleksheni (wayo kuinuka). Supinesheni ni kinyume chake.

Cha kujiuliza ni je, inatokea kiasi gani, wakati gani, na je kuna tishu inayolemewa. Mtu mwenye wayo bapa asiyeumwa popote na anayefanya kazi zake zote hana cha kutibiwa. Mwingine ana wayo unaoonekana mzuri tu lakini tibialisi posteria imevimba na inauma, huyo ndo mgonjwa wako.

9. Mbona mwendo wa subtala ukisomwa mguu ukiwa hewani ni tofauti na ukiwa umekanyagwa chini?

Kwa sababu kinachoweza kuzunguka kimebadilika. Hewani kisigino kiko huru kinazunguka chini ya talasi, miendo yote mitatu unaiona kwenye wayo. Ukikanyaga, kisigino kimeshikwa na sakafu pamoja na uzito, kinaweza kulala upande tu, basi ile miendo mingine miwili inafanywa na talasi kwa kwenda upande wa pili. Kwa hiyo pronesheni ya mguu uliokanyaga ni kisigino kufanya eversheni, talasi kufanya adaksheni (kugeukia ndani) na plantafleksheni, na kwa vile talasi imebanwa kati ya maleolasi mbili, ikigeuka inaburuta tibia, muundi unageuka ndani.

Simama sasa hivi pekupeku, geuza magoti yote mawili ndani bila kusogeza nyayo. Tao limeshuka? Geuza nje. Limepanda. Umeshaelewa nusu ya mada.

10. Zile namba 42 na 16 za mhimili wa subtala nizishike kichwani?

Zishike, zinaulizwa. Mhimili unapanda takriban digrii 42 kutoka usawa wa sakafu na unaelekea ndani takriban digrii 16 kutoka mstari wa katikati wa wayo, unaingilia nyuma chini upande wa nje unatokea mbele juu upande wa ndani. Zimetoka kwa Manter mwaka 1941. Lakini hizo ni wastani, kati ya mtu na mtu tofauti ni kubwa sana, na mhimili wenyewe unahama jointi inavyozunguka. Mtu ambaye mhimili wake umeelemea sana ndani, sehemu kubwa ya wayo iko nje ya mhimili, basi kila sakafu inaposukuma juu inamwongezea pronesheni, na tibialisi posteria yake inafanya kazi ikiwa karibu na mhimili (Na. 3), yaani ina nguvu kidogo na kazi nyingi. Hilo ndo la kuelewa, podiatri Kevin Kirby amelifafanua sana hili, namba peke yake haikusaidii.

11. Windilasi inafanyaje kazi?

Hicks alieleza mwaka 1954. Windilasi yenyewe ni lile gurudumu la kuzungushia kamba ya nanga. Planta fasia ni utando mgumu wa chini ya wayo, unaanzia kwenye mfupa wa kisigino unakwenda hadi chini ya falanji za kwanza za vidole. Vidole vikiinuka, fasia inajizungusha kwenye vichwa vya metatasali, inakuwa kama imefupishwa, kisigino na vichwa vya metatasali vinavutwa vikaribiane, tao linapanda. Pamoja na tao, wayo unafanya supinesheni na muundi unageuka nje, hakuna msuli uliofanya hiyo kazi.

Jaribu kwa mwenzako amesimama: inua kidole gumba chake. Kwa wengi tao litapanda ukiwa unaliona. Kwa wengine kidole ni kigumu kuinuka, na hapo jiulize kama akiwa amekaa bila uzito kinainuka vizuri, maana kama kinainuka akikaa na kinagoma akisimama basi tatizo siyo jointi kuwa mbovu, ni mzigo ulio kwenye fasia na chini ya metatasali ya kwanza. Tofauti hiyo ndogo inabadilisha matibabu yote.

12. Mzunguko wa kutembea nigawe asilimia ngapi?

Wayo chini karibu 60, hewani karibu 40. Ndani ya ile 60 kuna vipande viwili, kila kimoja takriban 10, ambapo nyayo zote mbili ziko chini. Ukikimbia vipande hivyo vinapotea, badala yake kuna muda ambao hakuna wayo uliogusa chini.

Jacquelin Perry, daktari aliyechunguza mwendo, ametuachia wazo la roka tatu, yaani sehemu tatu ambazo mwili unazizungukia ukisonga mbele, na ni zuri kuliko kukariri asilimia. Roka ya kwanza unazungukia kisigino, wayo unashuka, tibialisi anteria inashikilia usipige sakafu kwa kishindo. Ya pili unazungukia kifundo, muundi unaenda mbele juu ya wayo uliotulia, soleasi (msuli wa ndani wa kigimbi) inashikilia usidondoke mbele. Ya tatu unazungukia vichwa vya metatasali, kisigino kinainuka, na windilasi (Na. 11) inaingia kazini. Mgonjwa akitembea vibaya uliza roka ipi imeharibika.

13. Fizikia inahitajika kiasi gani? Niliikimbia sekondari.

Unahitaji kitu kimoja hasa: nguvu mara umbali kutoka kwenye mhimili. Tuchukue mtu wa kilo 70, uzito wake karibu nyutoni 700, amesimama kwa mguu mmoja kwa ncha za vidole. Sakafu inasukuma kwenye vichwa vya metatasali, tuseme sentimita 12 mbele ya kifundo. Tendoni ya Akilesi iko sentimita 5 nyuma. Ili asidondoke 700 × 12 lazima iwe sawa na nguvu ya tendoni × 5, basi tendoni inavuta nyutoni 1,680, karibu mara mbili na nusu ya uzito wake. Na kifundo kinabanwa na zote mbili kwa pamoja, nyutoni 2,380. Huyo amesimama tu, hajaruka. Vipimo hivyo vya sentimita ni vya mfano, ila ukifanya hesabu hii mara moja kwa mkono wako hutashangaa tena kwanini kuinua kisigino cha kiatu kidogo kunampa mtu nafuu.

14. Kigimbi kimekaza, nitajuaje ni gastroknemiasi au soleasi?

Pima dosifleksheni goti likiwa limenyooka, halafu goti likiwa limekunjwa. Gastroknemiasi, msuli wa juujuu wa kigimbi, inavuka goti, soleasi haivuki. Kikifunguka baada ya kukunja goti, ni gastroknemiasi. Kikibaki vilevile ni soleasi au kuna mfupa unazuia kwa mbele, na hapo muulize anasikia kuvutwa nyuma au kubanwa mbele. Kwa kutembea wengi wanataja digrii 10 zinahitajika goti likiwa limenyooka. Asiyezipata atazitafuta kwingine: atainua kisigino mapema, atapinda goti nyuma, au wayo utavunjikia katikati.

15. Nyutro ya subtala ya Root bado inafundishwa? Wengine wanasema imepitwa.

Nyutro ni ile hali ya kati ambapo subtala haijafanya pronesheni wala supinesheni. Inafundishwa, na ijue, kwa sababu lugha nzima ya fani imejengwa juu ya kazi ya podiatri Merton Root na wenzake ya miaka ya 1970. Lakini kuna matatizo ya kweli. Watu wawili wakipima nyutro ya mgonjwa mmoja majibu mara nyingi hayalingani, na watu wengi wazima wenye afya hawatembei wakipitia pale inaposemwa wapitie. Watafiti wameweka pini kwenye mifupa ya watu wa kujitolea wakatembea nazo, wakakuta hata jointi ndogo za katikati ya wayo zinacheza kuliko tulivyofundishwa, na kila mtu na mtindo wake.

Wengi sasa wanaanzia kwenye tishu: ipi inauma, mzigo gani unailemea, nitaupunguzaje. Kwa maoni yangu hiyo ndo njia ya kufikiria kliniki, na ya Root ni msamiati wa kuelewana.

## Vitendo na mtihani

16. Kwenye mtihani wa kupapasa niwe najua sehemu zipi bila kusita?

Maleolasi zote mbili (ya nje iko chini kuliko ya ndani), sustentakulamu tali (rafu ya mfupa wa kisigino inayobeba talasi) kama upana wa kidole chini ya maleolasi ya ndani, nundu ya navikula, kichwa cha talasi, msingi wa metatasali ya tano, sesamoidi na sainasi tasi (kishimo cha mbele ya maleolasi ya nje). Fanya kwenye wayo wako kila jioni huku umekaa. Kichwa cha talasi ndo kinasumbua: geuza wayo ndani nje huku kidole gumba chako kiko nyuma kidogo ya navikula, utakisikia kinajitokeza na kupotea.

17. Programu za 3D zinatosha au lazima kadava (maiti ya kujifunzia)?

Programu ni nzuri kwa kujua nini kiko wapi. Hazikuonyeshi kwamba ligamenti ni ngumu kiasi gani wala kwamba tabaka za Na. 4 hazijatenganishwa kwa rangi. Kama una nafasi ya kadava nenda, shika. Kama huna, wayo hai wa mwenzako unakufundisha zaidi ya skrini.

## Yale yasiyokaa kwenye kitabu

18. Kwenye eksirei nimeona kipande cha mfupa, ni mvunjiko?

Huenda ni mfupa wa ziada. Wanaojitokeza sana ni osi trigonamu nyuma ya talasi, navikula ya ziada upande wa ndani, na osi peroneamu karibu na kuboidi. Mfupa wa ziada kingo zake ni laini na mviringo, mvunjiko mpya una kingo kali. Lakini mfupa wa ziada nao unaweza kuuma, hasa ule wa navikula kwa sababu tibialisi posteria inashikilia pale.

19. Mtoto wa miaka 3 ana nyayo bapa, nitumie vipimo vya mtu mzima?

Usitumie. Kwa umri huo wayo bapa ni kawaida, kuna mafuta chini ya tao, ligamenti zimelegea, na navikula ndo kwanza inaanza kuwa mfupa. Tao linaendelea kujijenga ndani ya miaka 10 ya kwanza. Angalia kama tao linapanda akisimama kwa vidole, kama wayo unacheza kwa ulaini, kama anaumwa, kama pande mbili zinafanana. Wayo bapa mgumu usiocheza ndo wa kupeleka mbele haraka.

20. Kisukari kinabadilishaje baiomekaniki? Si ni tatizo la neva na damu?

Kinabadilisha sana. Neva za misuli midogo (Na. 4) zikidhoofika vidole vinajikunja, vichwa vya metatasali vinasukumwa chini na lile pedi la mafuta linasogea mbele, presha inaongezeka palepale. Sukari ya muda mrefu inakaza tishu na jointi, kigimbi kikikaza (Na. 14) mzigo wa mbele unapanda zaidi. Neva za jasho zikifa ngozi inakauka na kupasuka. Halafu hasikii. Ndo maana monofilamenti ya gramu 10 (uzi wa kupimia hisia) unaipima pamoja na kuangalia umbo na dosifleksheni, siyo peke yake. Na wayo mmoja ukiwa mwekundu, wa moto na umevimba kwa mtu asiyesikia, hata kama hauumi na hakuna kidonda, fikiria Charcot (mifupa na jointi za wayo kubomoka pale neva zilipokufa), mwondolee uzito kwanza na umpeleke siku hiyohiyo.

21. Mgonjwa anatembea vizuri nikimwangalia, ila kiatu chake kinaonyesha kitu kingine. Nimwamini nani?

Mtu akijua anaangaliwa anatembea kwa adabu, hiyo ni kawaida. Muangalie anavyoingia chumbani kabla hujamwambia chochote, anavyogeuka, anavyotembea akiwa anaongea. Mpe dakika kadhaa za kutembea, hatua za kwanza usizihesabu. Kiatu nacho kisome kwa akili: kulika nje ya kisigino ni kawaida kwa watu wengi kwa sababu ndo sehemu inayogusa kwanza, kinachoeleza zaidi ni tofauti kati ya kulia na kushoto na mahali ambapo kiatu kimejikunja kwa juu. Mkunjo ukiwa umelala mshazari kuelekea vidole vya nje, mchunguze kidole gumba, anza na kile kipimo cha Na. 11.